Njia pana na mtu wa miguu: mambo ya Phoenix, mji wa jangwa

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayepeleka watoto masomoni kila asubuhi, leo ukurasa wetu unakutembeza mbali. Twende Marekani, katika jimbo la Arizona. Usishangae. Arizona ni ndugu wa Katanga kwa jambo moja: ni nchi ya shaba. Sehemu kubwa ya shaba ya Marekani inachimbwa kule, katika karieri kubwa kama ile ya Morenci. Tena kampuni ya Freeport-McMoRan, iliyosimamia Tenke Fungurume mpaka mwaka 2016, ina ofisi yake kubwa katika mji wa Phoenix. Pengine wewe mwenyewe ulivaa kaske yenye jina lao.

Lakini hatuendi kutazama karieri. Tunaenda kutazama njia za mji, na kusikiliza wakaaji wake wanasema nini juu ya motokari. Kwa nini? Kwa sababu mambo wanayogombania wao kwa miaka 50 sasa, sisi tunaanza kuyaona Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, pale kamyo za shaba zinapita katikati ya watu kwenda Kasumbalesa.

Mji uliokua mbio

Phoenix iko katika jangwa la Sonora. Kwetu Lubumbashi mvua ya mwaka mmoja inapita milimita 1,000. Kule haifiki 250. Mwaka 1950 mji ulikuwa na watu 107,000 hivi. Mwaka 1980 walikwisha kufika karibu 790,000. Walipohesabiwa mwaka 2020 walikuwa 1,608,139, na ukijumlisha miji yote inayoshikana nayo, kama Mesa, Tempe, Scottsdale na Glendale, unapata watu zaidi ya milioni 4 na nusu.

Watu hawa wote walipata nafasi kwa sababu jangwa ni tambarare na ardhi ni nyingi. Mji ukajitandaza kama mkeka. Nani atatembea kwa miguu katika mji wa namna hiyo? Kazi iko kilomita 30, soko kilomita 5. Basi kila nyumba ikanunua motokari, halafu mbili. Wakuu wa mji wakapima njia kubwa kama mistari ya daftari: kila baada ya maili moja, ndiyo kilomita 1.6, njia kubwa moja inakwenda kaskazini, na nyingine inaikata kutoka mashariki kwenda magharibi. Nyingi zina mistari 3 ya motokari kila upande, na mmoja katikati wa kukatia kushoto. Jumla 7. Mwendo unaoruhusiwa mara nyingi ni kilomita 64 ama 72 kwa saa. Njia imenyooka, haina kona, unaona mbali.

Shofa akiiona njia kama hii anafurahi. Hata mimi ningefurahi.

Wakaaji waliosema hapana

Katika mambo mengi kule, wakuu hawakati shauri la njia peke yao. Wanaweka swali mbele ya wananchi, na wananchi wanapiga kura. Ndiyo maana tunaweza kujua mawazo yao bila kubahatisha.

Mwaka 1973 waliulizwa juu ya njia kubwa ya mbio ya kupita karibu na katikati ya mji. Wainjinia walichora njia ya kupita juu ya nguzo, fasi nyingine urefu wa mita 30 kutoka chini, na motokari kupanda na kushuka kwa kuzunguka kama konokono. Magazeti makubwa ya mji yaliipiga vita. Watu walitazama picha, wakawaza juu ya makelele na moshi juu ya paa za nyumba zao, wakakataa. Miaka ikapita, motokari zikaongezeka, njia za kawaida zikajaa. Ikabidi kurudi kuzungumza. Mwishoni njia ilichimbwa chini, ikafunikwa katikati ya mji, na juu yake wakapanda bustani. Ilifunguliwa mwezi wa 8 mwaka 1990. Wewe uliyefanya kazi chini ya ardhi utaelewa kwamba hii si kazi ndogo! Lakini wakaaji walipata njia na usingizi vilevile.

Mwaka 1985 walikubali kulipa kodi ya nusu senti juu ya kila dola wanayonunua, kwa kujenga njia nyingine za mbio. Mwaka 2004 waliendeleza kodi ile, na mwaka 2024 tena. Usifikiri basi kwamba watu wa Phoenix hawapendi njia. Wanazipenda mpaka wanazilipia wenyewe, mara tatu.

Lakini njia inayofaa mmoja inamwumiza mwingine. Njia ya South Mountain ilipita katika ncha za mlima ambao Waindio wa Gila River, wenyeji wa kwanza, wanauheshimu kama mahali patakatifu. Mwaka 2012 walipiga kura kwao, na jibu lililopata kura nyingi lilikuwa: isijengwe. Walikwenda mpaka mbele ya waamuzi, pamoja na wakaaji wengine wa karibu, lakini walishindwa. Mawe yakapasuliwa, njia ikafunguliwa mwezi wa 12 mwaka 2019. Sisi tunaopasua mawe kila siku tunajua kwamba ukiisha kupasua, hakuna kurudisha.

Mtu mmoja, mawazo mawili

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Katikati ya Phoenix ziko njia mbili, 7th Avenue na 7th Street. Karibu na mwaka 1980 waliweka ndani yao mstari wa ajabu. Kati ya juma, asubuhi saa 12 mpaka saa 3, mstari wa katikati unatumiwa na wale wanaoingia mjini kazini. Jioni saa 10 mpaka saa 12, mstari uleule unatumiwa na wale wanaorudi nyumbani. Saa nyingine ni wa kukatia kushoto tu. Mgeni asiyesoma kibao vizuri anaweza kujikuta uso kwa uso na motokari nyingine. Wakaaji wenyewe wameipa jina: mistari ya kujiua.

Uliza watu wanaokaa mbali kaskazini, watakuambia uachwe, unawafikisha kazini upesi. Uliza wanaokaa kandokando ya njia ile, wengi watakuambia uondolewe: hawawezi kukata kushoto kuingia kwao, na kuvuka kwa miguu ni kucheza na kifo.

Nani anasema kweli? Wote wawili. Tena, ndugu, tazama vizuri: mara nyingi ni mtu mmoja. Akiwa ndani ya motokari analia njia ni nyembamba, taa nyekundu ni nyingi, watu wa miguu wanamzuia. Akiiacha motokari, akashika mtoto mkono kwenda kununua mkate, analia motokari zinakwenda mbio sana. Sisi pia tuko hivyo. Unatoka posti ya usiku, umechoka, unataka kitanda, unafungua pikipiki mpaka mwisho katika mtaa wa watu. Saa 4 asubuhi mke wako anavuka njia ileile na karai kichwani, na kijana wa posti nyingine anapita kama ulivyopita wewe.

Kuna kura moja ya Phoenix inayoonyesha jambo hili kuliko zote. Tangu mwisho wa mwaka 2008 mji una treni ya umeme inayopita njiani pamoja na motokari. Wakataka kuipeleka kusini, kwa kufuata njia ya Central Avenue. Kusini ni upande ambao toka zamani walikaa watu wenye asili ya Mexico na watu weusi, ng'ambo ya reli na ya mto Salt. Wengi wao wanapanda bisi. Kwa kuweka reli, mistari ya motokari ilipaswa kupunguzwa kutoka 4 kubaki 2. Wenye maduka na garaji wakapiga kelele: mistari minne, ama hakuna treni! Waliogopa wateja watakosa fasi ya kupita, na maduka madogo yatakufa wakati wa ujenzi. Woga huo haukuwa wa bure, kila mwenye duka anajua hasara ya njia iliyochimbwa mbele ya mlango wake. Wengine wakajibu: na sisi tusio na motokari, tungoje mpaka lini?

Mwezi wa 8 mwaka 2019 mji mzima ukapiga kura. Kama wangeshinda wale wa kwanza, treni isingeongezwa tena popote katika mji. Karibu watu 6 kwa 10 walisema treni iendelee. Ilifunguliwa upande wa kusini mwaka 2025.

Hesabu ya kuvuka

Chukua kalamu. Njia ya mistari 7 ina upana wa mita 24 hivi. Mtu mzima mwenye afya anatembea mita 1.2 kwa sekunde moja. Basi anahitaji sekunde 20 kuvuka. Motokari ya kilomita 72 kwa saa inakwenda mita 20 kwa kila sekunde. Katika sekunde zile 20 inakwenda mita 400.

Soma tena. Motokari iliyo mbali mita 400 wakati unaweka mguu wa kwanza njiani, inaweza kukukuta hujaweka mguu wa mwisho. Usiku, mita 400 ni taa mbili ndogo tu. Huwezi kujua kama inakwenda polepole ama mbio.

Sasa upande wa shofa. Akikuona, inapita kama sekunde moja mbele ya mguu wake kukanyaga breki. Kwa kilomita 72 amekwisha kula mita 20 bila kupunguza chochote. Halafu breki, katika njia kavu na tairi nzuri, zinakula karibu mita 29 nyingine. Jumla mita 49. Kama angekwenda kilomita 36 tu, jumla ni mita 17. Mwendo umegawanywa kwa mbili, lakini umbali wa kusimama umegawanywa karibu kwa tatu. Na kamyo yenye mzigo wa mawe haisimami kama motokari ndogo, shofa wa karieri hahitaji kufundishwa hilo.

Ndiyo sababu Arizona, pamoja na njia zake nzuri, kwa miaka mingi imekuwa kati ya majimbo ya Marekani ambamo watu wa miguu wanauawa sana njiani. Wengi wanakufa usiku. Wengi walivuka mbali na taa. Pengine utasema: ni kosa lao! Ngoja kwanza. Kama taa ya mwisho umeiacha nyuma mita 400 na nyingine iko mbele mita 400, kwenda na kurudi ni mita 800, jua kali juu ya kichwa, na bisi yako inakuja ng'ambo. Ungefanya nini?

Mwezi wa 3 mwaka 2018, katika mji wa Tempe, mama mmoja alikuwa anavuka njia kama hiyo usiku, anasukuma kinga yake kwa miguu. Pa kuvukia palikuwa mbali zaidi ya mita 100. Aligongwa na motokari ya majaribio iliyokuwa inajiendesha kwa mashine, ikienda zaidi ya kilomita 60 kwa saa. Alikuwa mtu wa miguu wa kwanza duniani kuuawa na motokari inayojiendesha. Wachunguzi wa serikali walikuta kwamba mashine ilikwisha kuona kitu sekunde 5.6 mbele ya kugonga, lakini haikutambua vizuri kwamba ni mtu. Na ndani aliwekwa mfanyakazi wa kuchunga njia, tayari kushika usukani. Walikuta alikuwa anatazama simu yake.

Sekunde 5.6, ndugu. Zilitosha kabisa. Wewe unayeendesha kamyo, na simu inaita mfukoni, fikiri habari ya mfanyakazi yule. Hakuwa mlevi, hakuwa mtu mubaya. Alizoea tu kwamba mashine inafanya kazi vizuri kila siku.

Taa iliyotoka mji wa jirani

Kusini ya Phoenix, katika mji wa Tucson, wainjinia wa njia walipata dawa moja mwishoni mwa miaka ya 1990. Ni taa ya kuvukia ambayo inalala. Wakati hakuna mtu wa miguu, haiwaki kabisa, na motokari zinapita bila kuchelewa. Mtu anayetaka kuvuka anabonyeza kifungo kwenye nguzo. Taa ya manjano inaanza kupepesa, halafu inawaka moja kwa moja, halafu nyekundu mbili zinawaka pamoja: kila motokari isimame. Mtu anavuka. Mwishoni nyekundu zinapepesa kwa zamu, maana yake shofa asimame kwanza, akiona njia ni tupu apite. Baadaye inalala tena.

Dawa hii ilipendwa na pande zote mbili, jambo lisilo la kawaida: shofa hangoji bure, na mtu wa miguu haendi mbali. Wachunguzi wa njia walitoa hesabu mwaka 2010: fasi zilizowekewa taa hiyo huko Tucson, ajali za watu wa miguu zilipunguka kwa 69 kwa mia. Phoenix nayo ilizichukua, na miji mingine mingi.

Kwetu taa ya namna hiyo mbele ya kila masomo itachukua muda. Kibao, matuta ya kupunguza mwendo, na mtu mzima mwenye kibendera saa ya watoto kutoka, vinaweza kuombwa kesho. Mueleze kapita wako, ama mjumbe wenu wa usalama, fasi gani watoto wanavukia na saa ngapi. Mpe namba, si malalamiko tu: kamyo ngapi zimepita katika nusu saa ile.

Jua na vumbi

Neno fupi la afya. Katika mwaka 2023 Phoenix ilipata siku 31 mfululizo ambazo joto lilifika ama lilipita 43. Lami chini ya jua lile inaweza kupita 70. Mtu akianguka njiani, kwa kugongwa ama kwa kizunguzungu, ngozi yake inaungua akilala palepale, na hospitali kule zinapokea wagonjwa wa namna hiyo kila kiangazi. Mwaka ule, katika wilaya ya Phoenix, joto liliua watu 645. Kwa sababu hiyo wakaaji wengi, wakiulizwa juu ya njia, hawaanzi na motokari. Wanaanza na kivuli: miti, na paa pale wanapongojea bisi.

Sisi hatuna 43, lakini mwezi wa 9 na wa 10 karieri inachemka. Mwenzako akianguka juu ya lami ama chuma cha moto, usimwache pale mpaka msaada ufike. Kama hakuna alama ya kuvunjika mgongo ama shingo, mwondoe mara moja kwenye kivuli. Kama iko alama hiyo, tafuta watu wa kukusaidia kumwinua amenyooka, kichwa, shingo na mgongo kwa pamoja, mpitishie chini nguo nene ama ubao, na mfanyie kivuli. Ngozi iliyoungua, mwagia maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake mafuta ya kula, usipake dawa ya meno.

Na vumbi. Kule kuna dhoruba ya vumbi inayofunga njia kama ukuta, na serikali ya Arizona inafundisha mashofa hivi: toka njiani kabisa, simamisha, zima taa zote, weka breki ya mkono, ondoa mguu juu ya breki. Kwa nini kuzima? Kwa sababu shofa wa nyuma, asiyeona kitu, anafuata taa zako akifikiri bado unakwenda, anakugonga. Lakini ukizima taa ukiwa bado njiani, umejiua. Kwanza kutoka, halafu kuzima. Kiangazi chetu, nyuma ya kamyo katika njia ya udongo, usipite kamwe usipoona mbele. Rudi nyuma mpaka vumbi lishuke.

Kazi ya juma hili

Jumapili, nenda na mtoto wako pale anapovukia. Njia ya mistari miwili ina mita 7 hivi. Wewe utavuka katika sekunde 6, na motokari ya kilomita 60 kwa saa itakwenda mita 100. Mtoto mdogo atachukua sekunde 8, na motokari itakwenda mita 130 na zaidi. Sasa simameni kando, pima kwa hatua zako mita 130 upande wa kushoto, halafu upande wa kulia. Kama mlima, kona, ama duka la pembeni linakuficha njia mbele ya kumaliza hatua zile, pale si pa kuvukia. Tafuteni fasi nyingine pamoja, hata kama ni mbali, na umwonyeshe mtoto mti ama nguzo atakayoitambua kesho akiwa peke yake.